Bustani ya Mfalme ni ya Nani?



Nilipoanza kazi ya ualimu, mara tu baada ya kutoka chuoni, nilibandika ukutani mwa darasa langu picha niliyoikata katika kalenda kuukuu. Ilikuwa picha ya bustani ya mfalme huko Ulaya, iliyochorwa kwa mkono kabla ya siku za kamera. Njia zilinyooka kama zilizopigwa rula, miti ilikatwa ikalingana, na maji yaliruka juu kutoka katika mabirika ya mawe. Niliitumia kufundisha maumbo: duara, mstatili, pembetatu. Siku moja mtoto wa darasa la nne aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, anayefagia majani hapo yuko wapi?" Darasa zima likacheka. Nami nikamwambia akae chini, maana swali lake halikuwa la hesabu.

Sasa nimestaafu, na swali lile limenirudia. Sababu yake ni hii. Katika kikao cha Halmashauri ya Mtaa tulizungumza habari ya kuizungushia ukuta bustani ya kanisa letu na kutia lango lenye kufuli, lifunguliwe Jumapili tu. Sababu zilizotolewa si za uongo. Mbuzi wamekula maua ya akina mama, bomba la maji limeibwa, na watoto hupopoa maembe mabichi. Tulipoulizwa nani anakubali, mimi nami nilinyosha mkono. Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka yule mtoto, nikaanza kujiuliza: Je, yafaa Mkristo afurahie uzuri uliopatikana kwa kuwafungia wengine nje? Na mwenye bustani ana wajibu gani kwa asiye nayo?

Tuanze na picha zenyewe. Wafalme wa zamani walipenda sana bustani zao zichorwe, na mara nyingi mchoraji alichora kama aonavyo ndege arukaye juu. Mwaka 1668 Pierre Patel alichora hivyo Versailles, ikulu ya Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Waona nyumba, njia na bustani vimetandazwa mpaka upeo wa macho, na gari la mfalme likiwasili na msafara wake, watu wakiwa wadogo kama sisimizi. Huko Uingereza, Leonard Knyff na Johannes Kip walifanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1707 kilitoka kitabu cha michoro yao, iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa, chenye majumba ya kifalme na ya mabwana wakubwa pamoja na bustani zao.

Picha hizo ni nzuri, wala sisemi ziondolewe. Lakini tukumbuke kwamba mwenye kulipa mchoraji ndiye achaguaye kitakachoonekana. Katika picha za Versailles maji huruka daima. Kwa kweli maji ya pale hayakutosha kamwe. Watunza chemchemi waliarifiana kwa filimbi mfalme alipokaribia, wakafungua maji mbele yake, na alipokwisha kupita wakayafunga. Ili kuongeza maji, ilijengwa mitambo ya magurudumu 14 kando ya mto Seine, ikamalizika mwaka 1684. Hiyo nayo haikutosha. Mwaka 1685 askari zaidi ya 20,000 wakaletwa kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Eure kutoka mbali. Homa ikawaua kwa maelfu, kisha mwaka 1688 vita vikazuka na kazi ikaachwa. Mfereji haukuleta hata tone moja Versailles. Na kabla ya hapo, mwaka 1678, bibi mmoja mwenye cheo, Madame de Sévigné, aliandika katika barua kwamba wafanyakazi wa Versailles walikuwa wakifa kwa wingi, na usiku magari yaliwatoa maiti wao.

Hayo ndiyo magari ambayo hayamo katika picha. Gari la mfalme limo, la maiti halimo. Yule mtoto wa darasa la nne aliliona pengo lile, nami mwalimu wake sikuliona.

Biblia nayo inayo habari ya bustani ya mfalme, nasi twaijua tangu shule ya Jumapili. Katika 1 Wafalme sura ya 21, Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake. Alilitakia nini? Si ngome, wala si njia ya majeshi. Alitaka bustani ya mboga tu! Tena alikuwa tayari kulipa fedha, au kutoa shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake. Mwisho wake mwaujua: mashahidi wa uongo, mawe, na Eliya akimkuta mfalme shambani. Ahabu hakukosa kwa kupenda bustani. Alikosa kwa kupenda bustani kuliko jirani.

Sasa nawaomba mje nami mpaka karibu na London, penye mbuga iitwayo Richmond Park. Mwaka 1625 Mfalme Charles I alikimbilia Richmond kwa sababu ya tauni iliyokuwa jijini. Akapapenda, akataka mahali pa kuwinda kulungu. Mwaka 1637 akazungusha ukuta wa maili 8 hivi, akafunga ndani ekari zipatazo 2,500. Ndani yake mlikuwamo mashamba ya watu, na malisho ambayo wanavijiji waliyatumia kwa pamoja tangu mababu zao. Wengine waliuza kwa hiari, wengine hawakutaka kabisa. Wananchi wakanung'unika, na hata washauri wa mfalme wakamwonya. Mwishowe mfalme aliacha njia za miguu zipitazo ndani, na ruhusa ya maskini kuokota kuni. Palipokuwa na njia ukutani paliwekwa ngazi, watu wapande na kushuka upande wa pili.

Kwa miaka mingi mambo yakawa hivyo. Lakini wakubwa husahau upesi. Walinzi wa mbuga wakaanza kuziondoa zile ngazi. Mwaka 1751 Binti Amelia, mtoto wa Mfalme George II, akawa mtunzaji mkuu, akaifunga mbuga kwa watu wote isipokuwa rafiki zake na wachache wenye kibali chake. Yasimuliwa kwamba zamani mama yake, Malkia Caroline, alimwuliza Waziri Mkuu Robert Walpole itagharimu kiasi gani kuifunga St James's Park, bustani nyingine ya kifalme, iwe ya ikulu peke yake. Waziri akajibu kuwa ni taji tatu tu. Siku zile taji lilikuwa pia jina la sarafu, lakini Malkia alielewa kwamba hakuambiwa habari ya sarafu. Binti yake hakujifunza neno hilo.

Hapo ndipo anapotokea mtu ambaye ningependa watoto wetu wamjue. Jina lake John Lewis, mkazi wa Richmond. Msishtuke nikisema kazi yake ilikuwa kupika bia. Mwaka 1755 alikwenda langoni akataka kuingia. Mlinzi, mama aitwaye Martha Gray, akamdai kibali. Lewis akasema hana, ila anayo haki ya njia kwa sheria. Akafungiwa lango. Hakurusha jiwe wala hakuvunja ukuta. Alikwenda mahakamani, akangoja karibu miaka mitatu. Mwezi wa Aprili mwaka 1758 kesi ikasikilizwa mbele ya Jaji Michael Foster, na Lewis akashinda, mpika bia dhidi ya binti wa mfalme.

Jaji akamwuliza: wataka njia irudishwe kwa mlango au kwa ngazi? Ndugu zangu, hapa nawaomba msimame kidogo. Mlango ni rahisi kupita na una heshima zaidi. Lakini Lewis aliwaza kwamba ndani mna kulungu, kwa hiyo mlango lazima ufungwe, na mlango ufungwao leo kwa ajili ya kulungu kesho utatiwa kufuli kwa ajili ya watu. Ngazi haina kufuli. Akachagua ngazi.

Wale walioshindwa wakazijenga ngazi kama walivyoamriwa, lakini wakaziweka vipandio mbalimbali sana, hata wazee na watoto wasiweze kupanda. Amri ilitimizwa kwa herufi, haki ikanyimwa kwa kipimo. Lewis akarudi tena kwa jaji kulalamika. Naye jaji, ambaye alikuwa ameviona vipandio vile, akaagiza vijengwe upya ili watoto na wanawake wazee waweze kupanda.

Uzeeni mwake Lewis alipata hasara kubwa, mto Thames ulipofurika ukaharibu mali yake. Kasisi wa Richmond, Thomas Wakefield, akachangisha watu wamtunze mpaka kufa kwake mwaka 1792. Nayo picha yake ikachorwa, ikapigwa chapa, na chini yake ikaandikwa kwamba kwa uvumilivu wake njia ya bure katika Richmond Park ilirudishwa kwa sheria ya nchi. Katika picha hiyo mwenye heshima si mfalme, ni mzee mmoja wa mjini. Mimi naihesabu kuwa picha ya bustani ya kifalme iliyo kweli kuliko nyingine zote nizijuazo, maana yatuonyesha yule aliyekuwa nje ya ukuta.

Hapa mtu aweza kunipinga, tena kwa haki. Atasema: "Mwalimu, kama si ukuta wa yule mfalme, mbuga ile isingekuwapo leo. London ingaliimeza, pakajaa nyumba na barabara. Mialoni yenye mamia ya miaka imesimama kwa sababu ya ukuta." Ni kweli. Leo Richmond Park ni hifadhi ya taifa ya viumbe, kulungu wamo, na watu huingia bure. Hyde Park nayo, ambayo Henry VIII aliichukua kutoka kwa watawa wa Westminster mwaka 1536 iwe mahali pake pa kuwinda, leo ni mahali pa kupumzikia kila mtu. Ziko picha za wakati wa vita ya mwaka 1939 hadi 1945 zionyeshazo wananchi wakilima mboga katika Kensington Gardens. Ahabu alitaka kulifanya shamba la mwananchi kuwa bustani yake ya mboga. Hapa bustani ya mfalme ikawa shamba la mboga la wananchi.

Basi nini? Je, jema la mwisho lahalalisha baya la mwanzo? La hasha. Tukumbuke Yusufu alivyowaambia ndugu zake katika Mwanzo sura ya 50. Aliwaonyesha kwamba Mungu ameleta mema kutoka katika ubaya wao, wala hakusema kwamba ubaya ule haukuwa ubaya. Mungu aweza kuutumia ukuta wa mfalme kutunza miti kwa ajili ya wajukuu wa wale waliofungiwa nje. Sifa hiyo ni ya Mungu, si ya ukuta. Tena mema hayo hayakuja yenyewe. Yalipitia kwa watu waliokataa kunyamaza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Uzuri wenyewe hauna hatia. Bustani ya kwanza aliipanda Mungu mwenyewe, akamweka mtu ailime na kuitunza. Tunaweza kuzifurahia picha za bustani za wafalme bila kuona haya, kwa masharti mawili. La kwanza, tuwakumbuke waliochimba na waliofagia, hata kama mchoraji hakuwachora. La pili, tuulize njia iko wapi, na ni nani asiyeweza kuipita.

Sasa narudi nyumbani. Bustani ya kanisa letu si Versailles. Hata hivyo ipo njia ikatizayo chini ya miembe, nao akina bibi wa upande wa bondeni huipita kwenda zahanati, na watoto wa shule huipita wakitoka mtoni na ndoo. Wengi wao si wa kanisa letu. Tukifunga, watazunguka barabara kuu, mwendo mrefu wenye jua na magari. Katika kikao hatukuwataja hata mara moja. Tulichora picha ya bustani yetu bila wao, nami nikaipigia kura.

Sisemi ukuta usijengwe. Mbuzi ni mbuzi, na akina mama wamechoka kupanda maua ya kuliwa. Nasema tu kwamba penye njia tuweke ngazi za saruji pande zote mbili, zenye mkono wa kushikia, na kando yake pengo jembamba lenye kupinda, apite mwenye ndoo kichwani asipite mbuzi. Fundi aliniambia yawezekana. Nimekwisha kumwandikia Mwenyekiti kwamba naiondoa kura yangu ya kwanza, na naomba jambo hili lirudishwe mezani kabla tofali halijawekwa.

Na ngazi zikijengwa, naomba zipimwe kwa mguu wa bibi mwenye miaka 80, si kwa mguu wa fundi.

Yule mtoto wa darasa la nne sasa ni mtu mzima, wala sijui aliko. Kama atausoma ukurasa huu, namwomba radhi. Swali lake lilikuwa jema kuliko somo langu.