Kiti Chenye Mgongo Mrefu

Kiswahili kilijua kitambo kwamba kiti si mbao tu. Anayeongoza mkutano tunamwita mwenyekiti, hata kama siku hiyo amesimama saa nzima. Kwa hivyo swali langu si geni: je, ni haki kuchonga cheo cha mtu ndani ya kiti?

Chukua kiti kimoja. Mwaka 1963 msanifu majengo wa Denmark, Arne Jacobsen, alikuwa na kazi ya kujenga chuo cha St Catherine's pale Oxford, Uingereza. Hakuchora kuta pekee. Alichora hadi bustani na samani. Maprofesa wanaokula kwenye meza kuu aliwabunia kiti chenye mgongo mrefu ajabu, unaopita kichwa cha anayekikalia. Baadaye kampuni ya Fritz Hansen ikakiingiza sokoni, kikavishwa ngozi, kikafungwa magurudumu. Leo kiti hicho cha Oxford ni kiti cha mabosi.

Sasa sikia hii. Mizizi ya St Catherine's ni ya 1868, Oxford ilipokubali wanafunzi wasome bila kujiunga na chuo chochote cha ndani yake, ili wasiomudu gharama za vyuo hivyo nao wapate nafasi. Ilikuja kuwa chuo kamili mwaka 1962. Jacobsen naye alijua kukosa pa kukaa: mwaka 1943, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, aliwatoroka Wanazi kwa mashua hadi Sweden. Na mwaka 1952 alikuwa amebuni kiti kinachoitwa Sisimizi, miguu mitatu na plaiwudi iliyopindwa, kwa ajili ya kantini ya kampuni ya dawa ya Novo. Kiti chepesi, cha yeyote anayekuja kula.

Mkono ni ule ule. Kantini ikapata Sisimizi, maprofesa wakapata mgongo mrefu.

Utaniambia hiyo ni heshima tu. Kwani kwetu mzee akiingia, kijana si huinuka? Huinuka, na sina shida na hilo. Lakini nikimwinukia mzee, heshima imetoka kwangu. Kesho huyo mzee anaweza kumpisha mama mjamzito, kwa kiti kile kile. Kiti chenye mgongo mrefu hakingoji mtu ainuke. Kilishaamua kabla hatujaingia, na hata kikiwa kitupu bado kinakwambia hapa si pako.

Wengine watasema mgongo ule una kazi: ukumbi ni mkubwa, na mgongo unamkinga aliyeketi kama chumba kidogo ndani ya chumba. Poa. Lakini mwanafunzi naye hula, naye hupiga stori. Mimi hupima hivi: je, raha hii ingepungua kama kila mtu angekuwa nayo? Kiti kisichoumiza kiuno hakipungukiwi na chochote hata tukikipata wote. Kiti cha ukubwa kinakufa siku hiyo hiyo, maana kazi yake ilikuwa kututenganisha.

Kabla niache chuo kwa sababu ya karo, nilisimama mbele ya afisa mmoja kuomba muda zaidi. Nilisimama kwa sababu upande wangu hakukuwa na kiti. Katikati ya sentensi yangu akazungusha chake, kirefu, cheusi, akaangalia dirishani. Maombi yangu yaliyobaki niliyaambia ngozi. Labda alikuwa amechoka tu, na wa kabla yangu walikuwa wengi. Lakini kwenye stuli ingembidi anionyeshe kisogo chake, na hilo si rahisi kumfanyia mtu anayekuomba.

Sisemi tuvichome. Kiti cha Oxford ni kizuri, manze, na mimi huandikia kwenye plastiki inayoniuma mgongo, nikipewa nitakikalia. Ila wikendi hii ukienda harusi, angalia viti vya meza kuu vimepambwaje, kisha geuka uone vile vya mwisho wa hema. Halafu ujiulize ni raha gani pale mbele ingepungua kama huku nyuma nako ingekuwepo.