Damu ya Jirani na Deni la Mzazi



Wakatekumeni wapenzi, tukifundisha Amri ya Nne huwahimiza watoto wawatii wazazi wao. Leo tuitazame kwa upande wake wa pili, kwa maana amri hiyo inawadai wazazi pia. Baada ya mafundisho mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kijana akimpiga mwenzake kwa nondo machimboni hata akafa, je, baba yake naye afungwe?"

Swali hili si dogo. Msiba wa namna hiyo ukitokea, ndugu za marehemu huelekea nyumbani kwa wazazi wa muuaji. Wengine hudai fidia, wengine huchukua moto. Basi tuutafute ukweli kwa utaratibu.

Kwanza, hatia ya damu ni ya yule aliyeimwaga. Nabii Ezekieli aliwafundisha Waisraeli kwamba baba hachukui dhambi ya mwana, wala mwana hachukui dhambi ya baba. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, yasema vivyo hivyo: mtu hashitakiwi wala hahukumiwi kwa tendo la mwingine. Kwa hiyo anayechoma nyumba ya baba kwa kosa la mwana haleti haki, bali anaongeza dhambi juu ya dhambi.

Pili, hasara haina budi kulipwa. Sheria yetu ya mapatano na madeni ya mwaka 1888, katika kifungu cha 260, yamtaka baba alipe hasara iliyoletwa na mtoto wake mdogo akaaye nyumbani mwake. Nasi waalimu imetugusa, kwa wanafunzi walio chini ya ulinzi wetu. Malipo hayo si kifungo. Ni haki ya mjane na yatima. Mkristu asingoje kuitwa na hakimu. Aende mwenyewe pamoja na wazee, ainamishe kichwa, aombe radhi, alipe kadiri awezavyo.

Tatu, liko kosa la mzazi mwenyewe, na hapa wengi hujidanganya wakisema, "Mimi sikushika nondo." Mkumbukeni kuhani Heli wa Shilo. Wanawe, Hofni na Finehasi, walinyang'anya watu nyama ya sadaka kwa nguvu. Heli aliwakemea kwa maneno, lakini hakuwazuia, wala hakuwaondoa katika kazi takatifu. Mungu hakumhesabia wizi wa wanawe. Alimhesabia kule kutowazuia.

Hata mahakama za dunia zimeanza kupambanua hivyo. Huko Michigan, Marekani, tarehe 30 Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne shuleni kwa bunduki ambayo baba yake alikuwa amemnunulia siku chache tu kabla. Asubuhi ileile wazazi waliitwa shuleni, wakaonyeshwa mchoro wa kutisha alioufanya, lakini hawakumchukua kwenda nyumbani. Mwaka 2024 James na Jennifer Crumbley walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15. Walihukumiwa kwa uzembe wao wenyewe.

Sisi watu wa Nzilo twaujua ukuta uzuiao maji ya Lualaba. Mlinzi wake halaumiwi kwa sababu ya mvua. Lakini akiona ufa akanyamaza, maji yakija kuzamisha watu atasema nini?

Nami niungame mbele yenu. Mwaka mmoja niliona kisu katika nguo za mwanafunzi wangu. Nilimkaripia, na jioni nikamrudishia, nisiende kwa baba yake, kwa kuwa nilimwogopa. Wiki iliyofuata alimkata mwenzake mkononi. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini dhambi ya kunyamaza niliipeleka kitubioni, maana ilikuwa yangu.

Basi nimjibu mzee wetu: baba asifungwe kwa mkono wa mwanawe. Lakini kama alimpa silaha, au alikula fedha za machimboni bila kuuliza zilikotoka, au aliona damu kwenye shati akageuza uso, hayo ni matendo yake mwenyewe, naye atayajibu.

Na wewe mzazi uliyefundisha, ukaonya, ukazuia, na mwanao bado akapotea, usikate tamaa. Mtakatifu Monika alimlilia Augustino miaka mingi, hata akabatizwa Milano mwaka 387, akawa askofu wa Hippo katika Afrika yetu.

Usiku wa leo, kabla ya sala, mwite mwanao. Muulize alikuwa wapi, na nani, na amebeba nini. Kisha pigeni magoti pamoja.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee. Amina.