Mzee Asiyekuwepo

Msomaji mwenzangu, hebu niambie: mapishi ni mali ya nani?

Huko Ufilipino, kisiwani Negros, watu wa Bacolod hulaza kuku kwenye siki, mchaichai na maji ya ndimu ndogo za kwao, kisha humchoma kwa mkaa. Humwita inasal. Ni mapishi ya mji mzima. Desemba 2003 kijana wa miaka 26, Edgar Sia, akafungua mkahawa Iloilo, katika kisiwa cha jirani, akauita Mang Inasal. “Mang” ni neno la kumheshimu mwanamume mtu mzima, kama sisi tusemavyo Mzee. Na mzee mwenyewe hayupo! Kabuniwa tu, kama ninavyobuni wahusika wangu. Wali ukawa wa kuongezewa mpaka ushibe. Watu wakajaa, matawi yakazaa matawi. Mwaka 2010 kampuni ya Jollibee ikanunua asilimia 70 kwa peso bilioni 3. Mwaka 2016 ikachukua zilizobaki. Si mchezo.

Simwiti mwizi. Kuku wa Bacolod hakupungua hata paja. Ila walioyatunza mapishi yale wakipepea mkaa wamelipwa nini, zaidi ya hilo neno la heshima juu ya mlango?

Nauliza kwa sababu riwaya yangu imejaa hadithi za bibi yangu, karibu neno kwa neno. Juzi nilimsomea sura ya kwanza. Akacheka sana, halafu akauliza, “Na mimi, mume wangu, umeniandika wapi?”

Nikajifanya natafuta kalamu.