Kizima na Sehemu Zake katika Vipimo vya Sumu

Swali la kale la iwapo kitu kizima kinaweza kujulikana kwa kuzijua sehemu zake hukabiliwa upya na kila maabara inayopima sumu ya kemikali zilizochanganyika, kwa sababu haiwezekani kuupima kila mchanganyiko: kemikali 10 pekee huzaa michanganyiko 1,013 ya kemikali mbili au zaidi, hata kabla ya kubadili viwango vyake. Mtafiti hulazimika kupima kemikali mojamoja, akakadiria madhara ya pamoja, kisha akalinganisha makadirio hayo na matokeo ya michanganyiko michache. Madhara yakizidi makadirio, husemwa kwamba sumu hizo zimeongezeana nguvu.

Ugumu umo katika makadirio yenyewe. Kanuni ya Loewe na Muischnek ya mwaka 1926, yaani ujumlishaji wa dozi, huzihesabu kemikali kana kwamba ni sumu moja yenye ukali tofauti, ilhali ile ya Bliss ya mwaka 1939, yaani utendaji huru, hudhani kwamba kila sumu huua kwa njia yake. Ichukuliwe sumu ambayo nusu dozi yake huua wadudu 10 kati ya 100, na dozi kamili huua 50. Dozi hiyo ikigawanywa katika vichupa viwili vyenye majina tofauti, kisha vikamiminwa pamoja, kanuni ya Bliss itatabiri vifo 19, kwa kuwa wanaonusurika ni asilimia 90 ya asilimia 90. Watakufa 50, na sumu itaonekana imejiongezea nguvu yenyewe. Bliss hakuikusudia kanuni yake kwa hali hiyo, ni kweli, lakini anayeitumia bila kujua jinsi sumu zinavyofanya kazi hana kinga dhidi ya kosa hilo.

Haifuati kwamba kuongezeana nguvu ni mazoea ya wanahesabu tu. Mwaka 1957 ilibainika Marekani kwamba kiuatilifu EPN huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja kiuatilifu kingine, malathioni, mwilini, na hiyo ni sababu halisi, ambayo ingekuwepo hata kama pasingekuwa na kanuni yoyote ya kukadiria.

Linalosumbua zaidi ni kwamba madhara hayahitaji ajabu ya namna hiyo. Katika utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2002, kemikali nane zinazoiga homoni ya estrojeni ziliwekwa kwenye chembe za hamira, kila moja kwa kiwango ambacho peke yake hakikuonyesha athari ya maana, na zilipokuwa pamoja athari ikaonekana wazi, karibu kabisa na ilivyotabiriwa na ujumlishaji wa dozi. Kumbe kiwango kilichohesabiwa kuwa si kitu kilikuwa sehemu ya kitu. Kwa kuwa vibali hutolewa zaidi kwa kemikali mojamoja, watengenezaji wanane wanaweza kuitii sheria kikamilifu na bado anywaye maji ya mto mmoja akadhurika, pasiwepo hata mmoja wao wa kushtakiwa.