Je, Kuna Zambi katika Bei ya Medali?

Tulipoombwa kuandika juu ya bei, wengi walitazamia tuandike juu ya mchele na mafuta. Tutayagusa. Lakini swali lililotufikia halikutoka sokoni, lilitoka ndani ya sanduku la nguo. Kama kipande cha shaba kisichoweza kulima wala kupika kinanunuliwa huko Ulaya kwa bei ya nyumba, ni nani mwenye kosa? Anayeuza, anayenunua, au hakuna?

Tunasema habari ya medali za vita. Hapa Bunia na katika vijiji vya kandokando ziko jamaa ambazo bado zinaweka medali ya babu, imefungwa katika kitambaa pamoja na karatasi za zamani, kama karatasi hizo zilipona moto. Wabelgiji waliwaingiza babu zetu katika jeshi la Force Publique, wakapigana vita ambavyo havikuanzishwa na wao. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi hilo liliingia Tabora, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, likiongozwa na jenerali Tombeur. Mwaka 1941 wengine walipita Aba na Juba mpaka Ethiopia, wakapigana na Waitalia Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwa jeshi letu huko Saio.

Angalieni namna heshima ilivyogawanywa. Tombeur alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Askari alipewa kipande cha madini chenye utepe. Na wachukuzi, wale waliobeba risasi na unga kwa kichwa katika vita vya kwanza, ambao kwa upande wa Wabelgiji peke yake walipita watu 200,000, wengi hawakurudi, na wengi waliorudi hawakuwa na kitu cha kuonyesha watoto. Upande wa Waingereza ilikuwa vilevile: jina la wachukuzi wao limebaki katika soko la Kariakoo kule Dar es Salaam, watu wananunua nyanya pale bila kujua wanataja jina la nani.

Sasa tuje kwenye bei. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya medali kwa mapenzi tu, kama vile mwingine anavyofuga njiwa. Si wote matajiri. Lakini bei imeruka sana, na mfano unaojulikana zaidi ni wa mganga mmoja Mwingereza, Noel Chavasse, aliyekufa mwaka 1917 katika vita vya Ubelgiji. Alipewa mara mbili nishani kubwa kupita zote za Waingereza, ile inayoitwa Victoria Cross. Mwaka 2009 tajiri mmoja, Lord Ashcroft, alinunua nishani zake kwa feza karibu paundi milioni moja na nusu. Nishani yenyewe ni shaba nyeusi. Ukiipeleka kwa mfua chuma hapa mjini kama shaba tu, hatakupa hata feza ya kilo moja ya sukari.

Basi bei inatoka wapi? Kwanza inatoka kwa watu wawili. Mnadani bei haipandishwi na watu 100, inapandishwa na wawili wanaotaka kitu kimoja, na kila mmoja hakubali kurudi nyumbani bila nacho. Wa tatu alikwisha kunyamaza zamani. Kesho yake kila mwenye medali ya namna ile anasema yake pia ina bei hiyo, na mwenye mnada hamkatazi, maana yeye anakata fungu lake kwa muuzaji na mara nyingi kwa mnunuzi pia. Hivi ndivyo tamaa ya watu wawili wa siku moja inakuwa sheria kwa wengine wote. Halafu bei inapopanda, waongo wanaamka: wanatengeneza medali mpya zenye sura ya uzee, wanabadili tepe, wanatenganisha medali tatu za mtu mmoja kwa sababu tatu mbalimbali zinaleta faida kuliko tatu pamoja.

Lakini zaidi ya yote bei inatoka katika jina. Mkusanyaji hanunui shaba, ananunua habari: nani aliivaa, alifanya nini, kuna barua, kuna picha? Medali za Waingereza za vita vya kwanza zilichorwa jina na namba ya askari ukingoni. Za Wabelgiji kwa kawaida hazina jina. Jina liko katika karatasi iliyotolewa pamoja nayo. Ofisa mzungu alihifadhi karatasi katika nyumba ya mawe huko kwao. Karatasi za babu zetu zilikaa chini ya majani, na zilizobaki nyingi ziliteketea wakati wa vita vya hapa kwetu, vya 1999 mpaka 2003, watu walipokimbia na watoto mgongoni. Kwa hiyo medali mbili za namna moja, za vita vimoja, zinaweza kulala mbele ya mnunuzi mmoja, na ya bwana ikapata bei kali na ya askari wake ikauzwa kama takataka. Soko halijui kwamba linarudia ule mgawanyo wa 1916. Lakini linaurudia.

Mtu atatuambia: mashemasi, mnatafuta zambi pasipo zambi. Wawili wamepatana, hakuna aliyeshikiwa panga, mnaingilia nini? Tunakubali kwamba neno hili lina nguvu. Barabara ya Komanda inapofungwa na mchuuzi akaongeza bei ya unga mara mbili, tunamwita mlanguzi, na haki yetu, kwa sababu mama hawezi kumwambia mtoto angoje mpaka barabara ifunguke. Medali hailiwi. Asiyeinunua halali na njaa. Kama tajiri wawili wanashindana mnadani mpaka feza zao ziishe, wanadanganywa na macho yao wenyewe, na sisi tuna kazi nyingine. Tena wakusanyaji wameokoa vitu. Januari 1980 bei ya madini ya feza iliruka mpaka karibu dola 50 kwa aunsi, na medali ya Waingereza ya vita vya kwanza ilikuwa na feza karibu aunsi moja. Nyingi ziliyeyushwa. Jina la askari lililokuwa ukingoni likaenda motoni. Wakati ule bei ndogo ya medali ndiyo iliyoua majina, si bei kubwa. Hatuna budi kusema kweli hiyo hata kama inatusumbua.

Serikali nazo hazikubaliani. Waingereza wanaacha Victoria Cross iuzwe. Marekani sheria inakataza kuuza nishani yao kubwa ya vita. Sisi hatuoni kwamba sheria hiyo inamaliza swali, maana kinachokatazwa mchana kinaweza kuuzwa usiku, na kwa bei mbaya zaidi kwa mwenye nacho.

Kosa, kwa maoni yetu, haliko mnadani. Liko mwanzo wa njia, pale mtu anayejua bei anapokutana na mtu asiyeijua. Watu wa Mongbwalu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mchimbaji anatoka shimoni na zahabu yake kidogo, ana deni la chakula, na mizani iko mikononi mwa mwingine. Haibiwi kwa nguvu. Anaibiwa kwa kutojua na kwa haraka. Mjane anayeuza medali ya mume au ya baba ili anunue dawa yuko hivyohivyo. Feza kubwa italipwa baadaye, mbali naye, kati ya watu ambao hawakukaa hata siku moja katika mvua ya Saio.

Katika 2 Samweli 23 tunasoma kwamba Daudi alitamani maji ya kisima cha Betelehemu, na watu watatu wakapita katikati ya Wafilistini kuyaleta. Alipoyapokea alikataa kuyanywa, akayamwaga mbele ya Mungu, kwa sababu aliona ndani yake damu ya wale watatu. Wengine wanahubiri mahali hapo kama habari ya unyenyekevu. Sisi tunaona ni habari ya bei. Maji yalikuwa maji tu, kama medali ilivyo shaba tu. Hatari ya watu ndiyo iliyoyapa uzito, na Daudi akaona uzito ule si mali yake hata kama kikombe kilikuwa mkononi mwake. Naboti naye alikataa bei nzuri ya mfalme Ahabu kwa shamba la baba zake. Lakini tuwe waangalifu: Naboti alikuwa na chakula. Andiko halituambii angefanya nini kama mtoto wake angekuwa mgonjwa.

Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya wapiganaji Wakongomani wa vita vya 1940 mpaka 1945. Tulifurahi kuona. Wengine kati yetu walihesabu pia miaka: tangu 1945 mpaka 2022 ni miaka 77. Heshima nayo ina riba, na waliostahili kuipokea walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tuseme basi habari ya sanduku. Jamaa moja ya kanisa letu, waliokimbia kutoka upande wa Djugu, wanayo medali ya babu aliyekwenda Ethiopia. Mfanyabiashara mmoja alifika na kuwapa dola 30, akaharakisha sana, na haraka yake ndiyo iliyowaamsha. Kaka mdogo anataka kuuza, kwa sababu binti yake anangoja feza ya masomo, naye anasema babu alipigana ili watoto waishi, si ili kitambaa kiwe na kitu cha kufunga. Mkubwa anasema kitu kile ndicho kaburi lao, maana kaburi lenyewe liko katika kijiji wasichoweza kurudi. Walituuliza nani ana haki.

Hatukuweza kumwambia mdogo kwamba anatenda zambi. Tuliwaambia mambo mengine: asiuze mmoja peke yake bila ndugu wote kukaa, wasimuuzie mtu mwenye haraka, na mbele ya kuuza au kuacha, waandike. Jina la babu, jina la baba yake, kijiji, mwaka alioondoka, mahali alipopigana, nani alikuwa pamoja naye. Mama yao, mwenye umri mkubwa, alikumbuka majina matano ya wenzake. Tuliyaandika mara mbili, karatasi moja inakaa na medali, nyingine iko katika kabati la kanisa. Kama itauzwa, itauzwa na jina lake, na mnunuzi atalipa bei ya mtu aliyejulikana.

Mpaka Jumapili iliyopita medali ilikuwa bado kwa mama, na kaka mdogo alikuwa bado anataka kuuza.