Fedha ya Serikali Shambani

Serikali ikiwasaidia wakulima, ipime ukubwa wa shamba ao shida ya mtu? Kule Sunflower, wilaya ya pamba katika Mississippi, Marekani, walipima shamba. Mwaka 1933 serikali ilianza kuwalipa wenye mashamba wapunguze pamba, bei isianguke. Lakini pamba ikipungua, kazi nayo hupungua: kote kusini, wengi waliolima kwa kugawana mavuno walifukuzwa, nyumba wakaziacha. Mwaka 1967 shamba la Seneta James Eastland, palepale Sunflower, lilipokea zaidi ya dola 100,000. Hatulaumu msaada wenyewe. Bei mbaya humwumiza kwanza mkulima mdogo. Twauliza tu: kibarua alipewa nini? Mwaka 1970 sheria iliweka mpaka, dola 55,000 kwa mtu kwa kila zao. Wengine wakagawanya mashamba kwa majina ya jamaa, wakaendelea kupokea.