Hamu ya Yaliyopita na Rangi Tunazoipaka

Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukashangaa kulisikia kwa mwalimu wa chuo: picha za rangi zinazochorwa kwa mapenzi ya sinema za zamani. Usilifunge gazeti. Swali lililomo ndani yake si la sinema tu, ni la kila mtu aliyewahi kusema, "Zamani kulikuwa kuzuri."

Siku hizi za karibuni alinijia nyumbani, hapa Tanga, mtu mzima aliyekuwa mwanafunzi wangu. Kazi yake ni kuandika vibao vya maduka. Aliniamkia, akanibusu mkono, kisha akaegemeza ukutani ubao uliofunikwa kanga. Alipoufunua nikaliona jengo la sinema ya Majestic kama tulivyolijua zamani siku za Jumapili: taa zimewaka, baiskeli zimepangwa ukutani, mabuibui na kanga mpya mlangoni, muuza karanga na kapu lake. Rangi zimekoza, nyekundu, samawati, na manjano ya embe bivu.

Akasema, "Maalim, mama hajiwezi tena, na macho yanafifia. Ameniomba nimchoree jioni aliyokwenda na marehemu baba kutazama Mother India. Je, nimtundikie chumbani kwake, au ni haramu?"

Swali hilo lilinichoma, na sababu yake nitakwambia. Mwaka 1984, nilipokuwa kijana niliyeanza kusomesha, nilimkamata mtoto huyu chuoni akichora katika daftari uso wa mchezaji wa filamu za Kihindi. Nikamtia fimbo mbele ya wenzake, na ile karatasi nikaichana vipande. Watoto walipotoka nikaviokota, nikaona nyuma yake ameandika kwa mkono wake, kwa herufi nzuri, sura ya Juzuu Amma niliyomwagiza. Kwa hasira ya kuichana picha, nilikuwa nimechana na sura. Mtoto hakurudi tena kwangu. Na mimi sikwenda kumwuliza.

Basi tuanze na hukumu, kwani ndiyo aliyoiuliza. Yamepokewa katika hadithi sahihi makemeo makali kwa wenye kuchora viumbe vyenye roho, kwamba wataambiwa Siku ya Kiyama wavipe uhai walivyoviumba. Wanazuoni wamekhitalifiana katika upana wa makemeo hayo: wengi wamekataza kila sura ya chenye roho, na wako walioona kuwa yanahusu zaidi masanamu yenye kivuli. Ama miti, majumba, bahari na vyombo, Ibn Abbas, Mungu amwie radhi, alimruhusu mtu ambaye uchoraji ndio riziki yake achore vitu kama hivyo visivyo na roho. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliliondosha pazia lenye picha nyumbani kwa bibi Aisha, nalo likakatwa likawa mito ya kuegemea. Katika hayo tunapata fundisho kwamba picha isitukuzwe, wala isimshughulishe mtu na ibada yake.

Nikautazama ubao tena. Watu wote walikuwa wamegeuka, wanaingia mlangoni. Hapana uso hata mmoja. "Hawa mbona wana migongo tu?" Akacheka kidogo. "Maalim, mimi sikusahau."

Hapo, msomaji, niliona haya. Mtoto niliyedhani amekimbia mafundisho alikuwa ameyabeba miaka yote hiyo.

Hamu ya sinema haikumpata yeye peke yake. Huko India alikuwapo M. F. Husain, aliyezaliwa mwaka 1915, mtoto wa Kiislamu aliyepita madrasa na kujifunza hati nzuri. Alipokwenda Bombay alichora mabango makubwa ya sinema ili apate chakula, na baadaye akawa mchoraji mashuhuri wa nchi yake. Karibu ya miaka themanini akaitazama filamu ya Hum Aapke Hain Koun, iliyotoka mwaka 1994, mara nyingi mno, na akawa anamchora mchezaji wake, Madhuri Dixit, picha baada ya picha. Alifia London mwaka 2011, mbali na kwao. Na huku kwetu Edward Saidi Tingatinga, aliyepata kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, alichora ndege na wanyama kwa rangi za baiskeli, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake haukufa. Mwanafunzi wangu anatumia rangi hizo hizo za kung'aa. Lakini Husain aliurudia uso mmoja, na huyu wetu amechora mlango na watu walioingia pamoja. Mimi naona huyu ameijua zaidi hamu yake. Mama yake hamtamani mchezaji wa sinema, anamtamani mume aliyemshika mkono gizani.

Hata hivyo, hamu ni mchoraji asiyeaminika. Huzidisha manjano, hupunguza nyeusi. Katika ubao ule kila mtu anaingia, kila mtu ana kanga mpya. Nikamwuliza, "Na sisi tuliobaki nje tuko wapi?"

Hakunielewa. Nikamwambia jambo ambalo sikupata kulisema: kwamba katika miaka ya mwanzo ya sabini, nikiwa mtoto, nilikuwa nikisimama ukutani mwa jengo lile na juzuu kwapani, sina senti ya tiketi, nikisikiliza nyimbo zinazopenya nje. Nyingine nilizijua hata maana yake sikuijua. Na ndani nako mwenye fedha alikaa pazuri, na asiyenazo alikaa mbele kabisa akikunja shingo. Kisha nikawa mwalimu, nikampiga mtoto kwa hamu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Sikatai kwamba katika filamu zile yamo mambo ambayo Mwislamu aepukane nayo. Lakini fimbo ile haikuwa ya dini peke yake. Nilikuwa najipiga mwenyewe juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Nikamtaka radhi. Alinyamaza, akasema, "Maalim, sura ile naijua mpaka leo." Kisha akaubeba ubao wake.

Nilimpa jibu hili, nawe lichukue kwa kadiri ya haja yako. Mtundikie mama yako, ila usiuweke upande wa kibla chake. Sema kweli kwa rangi zako, uwachore na waliobaki nje. Na usiuache ubao ukae na mama yako badala yako. Keti naye, mwulize ya jioni ile, maana picha haimpi mgonjwa maji.

Nanyi wazee wenzangu, televisheni ilipoanza huku Bara mwaka 1994 tuliilaumu, na leo tunailaumu simu, tukiisifu sinema ambayo wazee wetu waliilaumu vile vile. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli, lakini dhuluma haipiti mpaka mwenye haki atakwe radhi. Tazama kama yuko mtoto uliyemchania karatasi, na umwendee kabla hamjatengana.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapamba na tuliyoyaficha, na awarehemu waliotutangulia. Amin.